Bamba la Alumini la Kufungia Ruta Chini ya Meza: Tathmini Kutoka Karakana ya Igoma, Mwanza

Bamba ninalolitathmini hapa ni kipande cha alumini chenye urefu wa milimita 300, upana wa milimita 235 na unene wa milimita 8, kilichokusudiwa kuishika ruta ya mkononi, yaani mashine ya kuchongea mbao kwa kisu kinachozunguka, ikiwa imefungwa chini ya meza, kichwa chini, huku kisu chake kikichomoza juu kupitia tundu la katikati. Nililinunua katika duka moja la zana katikati ya jiji la Mwanza, nikalipeleka Nyakato kwenye karakana ya kukereza vyuma ili litobolewe, kisha nikaliweka kwenye meza tuliyoiunda wenyewe katika karakana yetu ya Igoma, ambako kazi zetu kubwa ni milango ya paneli, fremu za madirisha na makabati ya jikoni. Limeshapita kiangazi na masika, na juu yake zimeshapita mbao za mninga, mvule na paini. Ninayoyasema, basi, ni ya bamba lililofanya kazi, si ya bamba lililotolewa tu kwenye boksi lake.

Hukumu yangu naitoa mapema. Bamba ni zuri na linastahili fedha yake kwa fundi mwenye ruta kubwa, lakini linauzwa kama kifaa kilichokamilika ilhali halijakamilika: bila swichi ya nje inayojikata umeme unapopotea, ruta iliyofungwa chini ya meza ni mashine ya hatari, na hakuna mahali popote kwenye boksi panapomweleza mnunuzi jambo hilo. Duka nalo halikunieleza. Nitalirudia jambo hili kwa urefu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Faida ya kuifunga ruta mezani huonekana upesi kwa mtu anayetengeneza milango ya paneli. Kipande cha fremu chenye upana wa sentimita nne hakimpi fundi nafasi ya kusimamishia ruta ya mkononi. Mashine huyumba, na mfereji wa kuingizia paneli hutoka umepinda. Ruta ikifungwa chini ya meza, kinachosogezwa ni ubao badala ya mashine, mikono yote miwili inaushika ubao, na fensi, yaani ule ubao wa pembeni unaoongoza kazi, inahakikisha kwamba mfereji wa kipande cha kwanza na wa kipande cha mwisho iko umbali uleule kutoka ukingoni. Katika karakana inayopokea kazi ya milango ya nyumba nzima kwa mpigo mmoja, usawa huo ndio unaoamua kama fremu zitakubaliana siku ya kuunganisha au zitalazimishwa kwa nyundo.

Wapo mafundi wengi mjini wanaoifunga ruta moja kwa moja kwenye plaiwudi bila bamba lolote, na wengine kazi zao ni nzuri. Tatizo lao liko kwenye unene. Plaiwudi ya milimita 18 inaibeba ruta bila shida, lakini inakula milimita 18 za urefu wa kisu, kiasi kwamba visu vifupi havifiki juu vya kutosha, na fundi anashawishika kukivuta kisu kitoke kwenye koleti, yaani ule mdomo wa mashine unaokibana kisu, zaidi ya inavyofaa. Shina la kisu linapaswa kushikwa na koleti kwa sehemu yake kubwa, angalau robo tatu. Lizamishwe lote kisha lirudishwe juu milimita mbili au tatu kabla ya kukazwa. Ukichukua plaiwudi nyembamba ili kuokoa urefu, uzito wa ruta unaipinda. Ruta yangu ni Makita 3612, ambayo ina uzito wa takribani kilo 6 na nguvu ya takribani wati 1,600; kilo hizo zikining'inia mchana na usiku kwenye plaiwudi ya milimita 9 au 12, meza hufanya bonde katikati, na bonde hilo huhamia kwenye kila ubao unaopita. Alumini ya milimita 8 inabeba mzigo huo bila kulegea na inachukua milimita 8 tu za kisu. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kununua bamba, na katika hilo bamba hili halijaniangusha.

Kuhusu unyoofu wake nina maneno ya kumwambia anayekwenda kununua. Nenda na rula ya chuma iliyonyooka. Weka rula kutoka kona hadi kona, kwanza mshazari huu kisha mwingine, na utazame mwanga unaopita chini yake. Bamba la kwanza nililopewa lilikuwa na bonde katikati, karibu unene wa karatasi mbili, nami nikamwonyesha muuzaji. Hakubisha, akafungua boksi lingine, na hilo la pili likawa limenyooka. Namshukuru kwa hilo, maana wauzaji wengine huona kupimiwa bidhaa kaunta ni kudharauliwa. Bamba lililoinuka kidogo katikati linavumilika, kwa kuwa ubao utaendelea kugusa pale kisu kilipo. Lenye bonde halifai, kwa sababu ubao unapita juu ya bonde kama daraja, na kina cha mfereji kinabadilika kadiri ubao unavyosonga.

Matundu ya skrubu ndiyo yanayowashinda wengi. Bamba hili huja likiwa na matundu yaliyotobolewa tayari kwa baadhi ya ruta, na hayakuoana na ruta yangu. Karakana ya Nyakato niliyoitegemea ni ya kukereza vyuma, haina uhusiano wowote na useremala, lakini huduma yao imenipendeza kuliko bidhaa yenyewe. Fundi wa pale alikataa kufanya kazi kwa vipimo nilivyokuwa nimeviandika, akanitaka nilete ruta kamili. Aliondoa kile kitako cha plastiki kilicho chini ya ruta, akafunga kwenye koleti chuma chenye ncha kali, akaishusha ruta mpaka ncha ikakaa katikati kabisa ya tundu la bamba, ndipo akaweka alama za skrubu kwa kufuata matundu ya ruta yenyewe. Alitoboa kwa mashine ya kusimama, si kwa drili ya mkononi, na juu ya kila tundu akachimba nafasi ya koni ili vichwa bapa vya skrubu vizame kabisa chini ya uso wa alumini. Kwa kuwa bamba ni nene kuliko kitako cha plastiki, skrubu za awali zilikuwa fupi, akatafuta ndefu zenye uzi uleule na kuzijaribu kwa vidole kabla ya kuzikaza kwa bisibisi, maana skrubu yenye uzi tofauti ikilazimishwa huharibu kitako cha ruta moja kwa moja. Malipo yake yalikuwa ya haki. Mtu asiye na mashine ya kutobolea iliyosimama wima asijaribu kazi hii nyumbani. Tundu likienda upande kwa milimita moja, kisu hakitakaa katikati na pete za kuziba nafasi hazitatumika tena.

Kulikalisha bamba mezani kulituchukulia muda mwingi kuliko tulivyotarajia. Juu ya meza tulitumia tabaka mbili za plaiwudi ya milimita 18 zilizounganishwa kwa gundi, jumla milimita 36, na tukaikata nafasi ya bamba kwa jigso (msumeno wa umeme wa blade nyembamba), tukiacha ndani ukingo wa ngazi wenye upana wa karibu sentimita mbili wa kulibeba. Kina cha ngazi hiyo tulikichimba zaidi kidogo ya unene wa bamba, kwa makusudi, kwa sababu bamba linakuja na skrubu ndogo zisizo na kichwa kwenye kona zake, zinazozungushwa kwa spana ya L, na kazi yake ni kuliinua bamba hadi liwe sawasawa na meza. Ukichimba kina kilekile cha bamba, skrubu hizo hazina pa kufanyia kazi. Huu ni ubunifu mzuri wa mtengenezaji na unaokoa saa nyingi za kupiga msasa. Hata hivyo skrubu hizo zinabonyea ndani ya plaiwudi baada ya muda, na bamba linashuka. Tulizuia hilo kwa kuweka vipande vidogo vya bati nene chini ya kila skrubu, na tangu hapo bamba halijashuka.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo maelekezo ya boksi hayawezi kulijua. Karakana nyingi za Igoma, Buhongwa na Nyakato ni mabanda ya mabati yaliyo wazi pembeni, na kati ya Machi na Mei unyevu unaingia kwenye kila ubao. Plaiwudi iliyopakwa vanishi upande wa juu pekee hunywa maji kwa chini na kupinda. Meza yetu ilipakwa juu, chini, kwenye kingo zote na ndani ya ile ngazi, na imetulia masika yote. Alumini, kwa upande wake, haina habari na mvua. Ninalishauri hili hata kwa mtu atakayenunua plaiwudi nyeusi ya kumwagia zege, ambayo uso wake hauingii maji lakini kingo zake zikikatwa ziko wazi sawa na plaiwudi nyingine.

Pete za kuziba nafasi ndizo sehemu dhaifu ya bidhaa hii. Zinakuja za ukubwa tofauti, na kusudi lake ni kupunguza uwazi unaokizunguka kisu, ili ncha ya ubao mwembamba isizame inapofika tunduni. Pete ndogo katika seti yangu ilikaa chini ya uso wa bamba kwa kiasi ambacho ukucha unakihisi, na kiasi hicho kinatosha kabisa kuinasa ncha ya ubao na kuusimamisha katikati ya kazi, jambo linaloacha alama ya kuungua kwenye mninga. Tuliinua pete kwa kubandika vipande vya karatasi ya alumini chini yake. Ni dawa rahisi, ila mnunuzi hakupaswa kuhangaika nayo. Pete kubwa hazina kasoro. Kile kijiti cha chuma cha kuanzishia kazi, kinachotumika kuegemezea ubao wenye umbo la mviringo wakati unatumia kisu chenye beringi bila fensi, ni imara na kinakazika vizuri.

Kazini, bamba linateleza vizuri kwa mninga na mvule. Kwa paini, ambayo siku hizi tunaipata zaidi kutoka mashamba ya miti ya upande wetu kama Buhindi na Rubya, alumini tupu huacha michirizi ya kijivu kwenye mbao hizo nyeupe, na michirizi hiyo huonekana chini ya vanishi isiyo na rangi. Nta ngumu ya kung'arishia samani, ikipakwa na kufutwa mpaka ikauke, inaimaliza shida hiyo na kuongeza utelezi. Asipake mtu mafuta ya silikoni, kwa sababu yatahamia kwenye ubao na vanishi itakataa kushika, itafanya vidoadoa kama macho ya samaki.

Kwa vijana wanaojifunza ninaeleza mwelekeo wa kusukuma kabla ya kitu kingine chochote. Ruta ikiwa imegeuzwa, kisu kinazunguka kinyume cha saa kwa anayekitazama kutoka juu. Kwa hiyo ukisimama mbele ya meza, fensi ikiwa upande wa pili wa kisu, ubao unasukumwa kutoka kulia kwenda kushoto, dhidi ya mzunguko. Ukiusukuma kutoka kushoto, kisu kinaudaka ubao na kuuvuta, na vidole vinaufuata. Ubao usipitishwe kamwe kati ya kisu na fensi. Kipande kifupi kisukumwe kwa kijiti, si kwa mkono mtupu.

Kasi nayo inahitaji kusemwa, kwa kuwa meza humpa fundi hamu ya kutumia visu vikubwa. Makita 3612 inazunguka kwa kasi moja tu, mizunguko 22,000 kwa dakika. Kwa kisu chenye kipenyo cha milimita 50, ncha ya kisu inakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kwa vile visu vipana vya kuchongea paneli, vyenye milimita 80, inapita 300. Visu hivyo vipana vinataka kasi ya karibu mizunguko 12,000 au chini yake, kwa hiyo vinataka ruta yenye kurekebishika kasi. Bamba litaipokea ruta ya aina hiyo bila matatizo, na uwazi wake wa katikati unatosha. Lakini uwazi kutosha haumaanishi kwamba mashine yoyote inafaa. Nionye pia kuhusu koleti: visu vyenye shina la milimita 12 na vya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, vinauzwa pamoja kwenye rafu moja, na havibadilishani. Shina la milimita 12 ndani ya koleti ya nusu inchi linaweza kuonekana limekaza, kisha likachomoka kazini.

Sasa niirudie swichi. Ruta ya mkononi ilibuniwa ishikwe, na kidole cha fundi kiwe karibu na kitufe chake. Ikifungwa chini ya meza, kitufe kinabaki gizani, mahali ambapo mtu lazima ainame na kupitisha mkono karibu na kisu. Kwa hiyo wengi wanakiacha kitufe kimewashwa muda wote na kuiendesha mashine kwa swichi ya ukutani. Hapo ndipo hatari ya kwetu inapoingia, kwa sababu umeme unakatika. Mashine inanyamaza, fundi anaondoka au anaanza kubadilisha kisu, spana iko mkononi, vidole viko kwenye koleti, kisha umeme unarudi na kisu kinaanza kuzunguka kwa mizunguko 22,000 bila mtu yeyote kugusa kitu.

Dawa yake ipo na inafahamika: swichi ya sumaku, yenye kitufe cha kijani na chekundu, ambayo ndani yake koili ya umeme inashikilia mguso. Umeme ukipotea, koili inaachia, na hata umeme ukirudi mashine inabaki imezimwa mpaka mtu abonyeze kijani. Ruta ya wati 1,600 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta takribani ampea 7, kwa hiyo swichi ya ampea 16 inatosha na kuzidi. Tuliifunga mbele ya mguu wa meza, upande wa kushoto, chekundu kikiwa mahali ambapo goti linaweza kukibonyeza mikono ikiwa imeshika ubao. Umeme ulikatika na kurudi kijana wetu akiwa kazini, naye akaniita, "Fundi, umeme umerudi ila mashine imekataa kuwaka." Nilimjibu kwamba ndiyo kazi ya swichi ile, abonyeze kijani akiwa tayari. Hata hivyo, kubadilisha kisu tunakufanya plagi ikiwa imechomolewa kabisa, iwe swichi ipo au haipo.

Swichi hiyo ni ya bei ndogo ukilinganisha na bamba, na wauzaji wa vifaa vya umeme hapa Mwanza wanayo. Ningependa sana kuona maduka ya zana yakiiweka rafu moja na mabamba haya na kumwambia kila mnunuzi kwamba kimoja hakiendi bila kingine.

Upungufu mwingine ni vumbi. Bamba halina mahali pa kuunganishia bomba la kuvutia vumbi, na ruta iliyogeuzwa inapokea unga wote wa mbao kwenye mota yake. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliorodhesha vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu mwaka 1995, kwa hiyo hili haliishii kwenye uhai wa mashine. Tulitengeneza boksi nyuma ya fensi lenye tundu la bomba la vakyumu, na linabeba sehemu kubwa ya unga; unaobaki tunaupuliza kwenye mota mwisho wa kila siku, barakoa ikiwa usoni, na kaboni za mota, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, tunazikagua mara kwa mara.

Mwenye ruta ndogo ya kupunguzia kingo, ile ya shina la milimita 6, asinunue bamba la ukubwa huu. Uzito wa mashine yake hauhitaji, na yapo mabamba madogo yanayomfaa kwa bei ya chini. Mwenye ruta ya kilo tano au sita anunue, apime unyoofu kaunta, aipeleke ruta yenyewe kwa fundi wa kutoboa, na atie kwenye skrubu nne za kitako gundi ya kuzuia nati kulegea, ile isiyo kali sana ili ziweze kufunguka tena, kwa maana mtetemo wa ruta unazilegeza bila kelele na uzito wote wa mashine unaning'inia juu yake.